Kosa Letu, Karatasi Yetu

Mafuta ya taa yakichanganyika na wino wa kuchapia hutoa harufu ambayo sijapata kuifananisha na kitu. Ni kali, inakaa kooni, halafu mwishoni ina utamu kidogo kama asali iliyoungua sufuriani. Mwezi uliopita mjukuu wangu Rehema, mwenye duka lake la kuchapa kadi na mabango hapa Tabora mjini, alimwaga wino mezani akaufuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Mimi nilikuwa nimekaa kitini pale mlangoni. Harufu iliponifikia, mkono wangu ukaanza wenyewe kupapasa ukingo wa meza.

"Bibi, unatafuta nini?"

Nikamwambia natafuta l. Akacheka, akaniletea chai, nadhani aliona uzee sasa umepanda kichwani. Lakini ninyi nitawaeleza hiyo l ilikuwa ipi.

Baba yangu aliitwa Maganga, na mji mzima ulimwita Fundi Maganga kwa sababu ya mashine yake. Kazi alijifunza kwa mapadri. Mashine aliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akifungasha kurudi kwao Uhuru ulipokaribia. Ilikuwa ya chuma cheusi, inaendeshwa kwa kukanyaga kwa mguu kama cherehani, ikifunguka na kufumba kama mdomo wa kiboko. Ikianza kazi, vikombe vya mama vilicheza kabatini nyumba ya nyuma, naye marehemu mama yangu, Zuhura, alijua hapo kwamba mume wake yu mzima na ana mteja.

Pamoja na mashine baba alipata masanduku ya herufi. Zilikuwa herufi za madini ya risasi, moja moja, kila moja ndogo kama punje ya mchele, na zimegeuka kama unavyojiona kwenye kioo. Mimi nilizijua zikiwa zimegeuka hivyo kabla sijazijua zikiwa sawa. Nilipopelekwa shule, Mwalimu Tabu alinikuta naandika jina langu, Tatu, likitazama nyuma, akaenda kumuuliza baba kama nyumbani kuna mtu ameniloga. Shule yenyewe sikufika nayo mbali. Mtihani wa darasa la nne ulinichuja, nikarudi nyumbani, na kusoma nikaendelea kusomea pale mezani kwa baba.

Sasa, herufi zile zilitengenezwa kwa ajili ya Kiingereza. E zilikuwa tele, t zimejaa mpaka zinamwagika, na q hazikuwa na kazi yoyote, nikizichezea kete na dada yangu. Lakini a na k, ambazo Kiswahili hakiendi hatua bila hizo, ziliisha upesi. Alikuja bwana mmoja wa Sikonge, jina lake Kasanka Kakoma, anataka kadi. Baba alimtazama muda mrefu kwa huruma, halafu akamuuliza kama hana jina lingine. Kadi ile ilichapwa mara mbili: nusu ya juu kwanza, herufi zikafumuliwa zikapangwa upya, ndipo nusu ya chini.

Nyumbani baba hakuwa mtu wa masharti. Ukichelewa kutoka kisimani hakuuliza. Dukani ndipo alipokuwa mwingine. Mafuta machafu ya kusafishia yalimwagwa kwenye shimo alilolichimba mwenyewe, mbali na kisima cha majirani, na ole wako akukute umeyatupa barazani. Vipande vya karatasi vilivyobaki dada yangu alivishona kuwa madaftari, yakaenda kwa Mwalimu Tabu. Tulijua nani anamwoa nani kabla ya shangazi zao, lakini tulichosoma mezani tulikiacha mezani. Siku moja mchuuzi alileta chupa, anataka lebo za kuandika Asali Safi ya Ipole. Baba alichovya kidole akalamba, akampa dada, akanipa na mimi. Yalikuwa maji ya sukari yaliyoonjeshwa asali.

"Nitakuandikia Maji Matamu," baba akamwambia. "Herufi ninazo."

Mchuuzi alichukua chupa yake akaondoka bila kuaga.

Juu ya mlango, kwa herufi kubwa za mbao, baba alikuwa amebandika maneno manne: KOSA LETU, KARATASI YETU. Maana yake mteja asibebe hasara ya kosa la fundi. Tukikosea sisi, tunachapa upya kwa karatasi yetu. Na ili tusikosee, alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kuchapa kazi yote, ilitoka karatasi moja ya kujaribia, ambayo yeye aliiita prufu. Mtu mmoja aliisoma prufu kwa sauti, mwingine akifuatisha kwa macho kwenye maandishi ya mteja. Aliyepanga herufi haruhusiwi kusoma, kwa sababu jicho lake limeshazoea kosa lake. Msomaji akimaliza na kuridhika, anachovya dole gumba kwenye wino, anapiga chapa pembeni ya prufu, inatundikwa kwenye msumari ukutani. Nilipofika miaka kumi na moja, msomaji nilikuwa mimi. Dole langu lilijaa msumari mzima.

Mpangaji alikuwa dada yangu, Mwanne. Alikuwa mchumba wa kijana wa reli aitwaye Juma, na harusi yao ilingoja tumbaku ivunwe na kuuzwa. Kwa ajili ya siku hiyo baba alikuwa amemnunulia kwa Bwana Jetha, Mhindi wetu wa karatasi, kadi nzuri ambazo sijaona tena mfano wake, rangi ya maziwa mtindi, ukingoni zimepakwa dhahabu. Mwanne alizifunga kwenye khanga akaziweka chini kabisa ya sanduku lake. Mara moja moja alizitoa, akanifungulia nizinuse, akazirudisha.

Ndiyo miaka ile redio ilipokuwa ikisema vijiji vya Ujamaa kutwa, na vitu vya madukani vinaanza kuadimika.

Basi akaja Mzee Shija, mkulima wa Lusu, kule Nzega, amekuja kwa lori la pamba. Alikuwa anamwoza binti yake Milembe kwa Hamisi, kijana wa Chemchem hapa mjini. Mzee Shija hakujua kuandika. Alisema, baba akaandika, wakasomeana, wakakubaliana. Maneno nayakumbuka mpaka leo: Familia ya Mzee Shija ina furaha kukualika harusini mwa binti yao Milembe na Bwana Hamisi. Jumamosi, alasiri. Chakula kitaandaliwa. Na chini kabisa: Mahali, Lusu.

Lakini Mzee Shija, kama watu wengi wa kwetu, l na r kwake zilikuwa ndugu wa baba mmoja. Kinyamwezi na Kisukuma havizitenganishi sana, ulimi unachukua iliyo karibu. Yeye alisema "mahari, Lusu." Baba akaandika mahali, maana alielewa. Na mimi nilikuwa nimekaa pale nasikia.

Kadi za harusi zilipangwa kwa herufi za maua, zenye mikia iliyojikunja, na hizo zilikuwa kijisanduku kimoja tu. Kesho yake baba alikwenda kwa Bwana Jetha. Mwanne akapanga karibu yote, akasikia maharage yanaungua, akaniambia, "Tatu, malizia mstari wa mwisho. Ni maneno mawili tu." Hilo nililiomba mwaka mzima. Nikaketi kwenye kigoda chake, nikanyoosha mgongo kama yeye.

L za maua zilikuwa saba, na moja imevunjika mkia. Familia ilikwishachukua moja. Kukualika moja, Milembe moja, alasiri moja, chakula moja, kitaandaliwa moja. Nilipapasa kijumba cha l mpaka pembeni, nikatoka na vumbi. Jirani yake zilikuwepo r, zimelala, nzuri, hazina kazi. Nikajiambia Mzee Shija mwenyewe si alisema mahari? Nikaiweka.

Hapo ningekuwa nimekosea tu, kama mtoto. Kilichonitesa ni cha baadaye. Baba alirudi, akaona kazi imepangwa, akauliza nani kapanga. Mwanne, yumo jikoni na moshi wake, akaitika kuwa ni yeye. Baba akatoa prufu, akanipa nisome. Nikasoma vizuri, sauti imenyooka, mpaka mstari wa mwisho. R niliiona. Ilikuwa inanitazama. Nikajua nikiitaja baba atauliza, na kigoda kile sitakikalia tena, na Mwanne atagombezwa kwa kuniachia. Nikasoma "Mahali, Lusu," l yangu safi kuliko l zote nilizowahi kutamka. Baba akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikachovya dole.

Kadi zilichapwa, zikakauka, Mzee Shija akazichukua na baraka nyingi.

Zikaenda Lusu, zikaenda Nzega, zikafika Chemchem kwa jamaa za bwana harusi. Na kule zikasomwa jinsi zilivyoandikwa: Mahari, Lusu. Ng'ombe wa mahari walikwishapelekwa wote, wakapokelewa, wakala majani ya kwa Mzee Shija. Sasa baba wa binti anatangaza kwa kadi, mbele ya mji mzima, kwamba mahari ya binti yake ni Lusu nzima? Baba mdogo wake Hamisi, Mzee Sudi, mtu mwenye kiburi cha ukoo, aliirudisha kadi na ujumbe: wao mahari walimaliza, na kama Lusu ndiyo mahari basi waambiwe mapema watafute kijiji cha kununua. Na mpaka hapo mguu wa mtu wao hautakwenda harusini.

Mzee Shija alirudi dukani na kadi alizoweza kuzikusanya, zimefungwa kwenye kitambaa. Hakufoka. Ningependa angefoka. Baba alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaweka kadi moja mezani.

"Nisomee, Fundi. Mimi macho yangu hayakwenda shule."

Baba akasoma. Aliposhuka chini nilimwona akirudia, midomo inacheza bila sauti. Halafu akakaa.

"Milembe hali chakula," Mzee Shija akasema. "Anasema amechekwa kabla hajaolewa."

"Kosa letu, mzee. Karatasi yetu."

"Letu la nani?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mashine, nimeushika mguu wake wa chuma. Baba hakugeuka kutazama upande wowote.

"La nyumba hii," akasema.

Lakini karatasi haikuwepo. Alikwenda mwenyewe kwa Bwana Jetha, akarudi mikono mitupu. Bwana Jetha alimwapia kuwa treni ya Dar haijaleta kadi tangu mvua zianze, na hajui italeta lini. Siku za harusi zilikuwa zimebaki chache. Baba alisimama katikati ya duka akitazama rafu, kana kwamba akiitazama sana itajaza. Ndipo Mwanne alipoingia na khanga yake. Akaiweka mezani, akaifungua, ile dhahabu ikang'aa pale.

"Hizo ni zako," baba akamwambia.

"Baba, si umesema yetu?"

Baba aliokota kadi moja, akaipima kwa kidole ukingoni, akaenda kunawa mikono mara mbili kabla ya kuanza.

Kazi ile aliipanga mwenyewe. Alipofika mstari wa mwisho aliniita, akanionyesha kijumba cha l kilivyo tupu. Halafu akavuta sanduku la tarakimu, akachukua moja, akaisimamisha pale. "L ikikwisha, moja inakaa badala yake," akasema. "Ukikwama unauliza." Basi. Nikasoma prufu, naye akafuatisha. Zile kadi mbovu zote alizichoma uani mbele ya Mzee Shija, moja moja, ili jina la Milembe lisije likafungiwa karanga sokoni.

Chemchem alikwenda mwenyewe, akanichukua. Tulipita barabara ya zamani ya misafara, jua la asubuhi limetupiga mgongoni. Mzee Sudi alitupokea barazani, amevaa kanzu, uso umefungwa. Baba akanipa kadi mpya, akaniambia nisome.

Nikasoma. Nilipofika chini nilivuta pumzi. "Mahali. Lusu."

"Na ile ya kwanza, nani aliyeiharibu?" Mzee Sudi akauliza.

Baba akasema, "Nimekuja kwa ajili ya hilo. Ni mimi, na nyumba yangu."

Nilitazama dole langu. Lilikuwa bado na wino kwenye kucha. Nilitaka kusema, Mungu anajua nilitaka, lakini Mzee Sudi alikwishaanza kutikisika mabega. Alikuwa anacheka. "Haya, Lusu wamerudishiwa wenyewe. Maana na wale ng'ombe wangu wenye mbavu nje, nisingeipata hata nusu yake." Akamwita mtu alete kahawa. Milembe akaolewa Jumamosi ile ile, alasiri, na chakula kiliandaliwa kweli, nilikula mimi.

Mwanne nilimwambia. Alikuwa ananisuka, ninampa kisogo, ndipo nikapata nguvu. Mikono yake haikusimama. "Najua," akasema. "Nilijua l zimekwisha, nikaenda kutazama maharage. Inamisha kichwa."

Baba sikumwambia kamwe.

Tumbaku ikavunwa, harusi ya Mwanne ikafika, na kadi hakuna. Zilibaki tatu tu za dhahabu, zikaenda kwa wazee watatu wa upande wa Juma. Wengine, baba akasema, wataalikwa kwa mdomo, na atakayekwenda ni Tatu, kwa sababu ndiye msomaji. Aliniketisha akanitajia majina, nami nikayarudia mpaka yakakaa. Nilizunguka siku tatu. Kila nyumba nilibisha hodi, nikaamkia, nikasimama wima kama kadi, nikataja jina la mwenye nyumba kamili na jina la baba yake, siku, saa, halafu mwisho: mahali. Wengine walicheka nilivyoikazia ile l. Watu hunishangaa leo nikitaja majina ya waliokufa zamani, watoto wao wenyewe wamewasahau. Wananiambia nina kichwa. Kichwa chenyewe kilianzia kwenye mzunguko ule. Wakati ule nilijiona nimepewa heshima, nina sauti nzuri, ndiyo maana nimechaguliwa.

Tangu hapo dukani kukawa na utaratibu mpya ambao baba aliuanzisha bila kueleza sababu. Msomaji akifika kwenye l au r, lazima aitaje: l ya Lusu, r ya redio. Wateja waliotukuta tukisoma hivyo walidhani ni wazimu. Aliniachia kusoma mpaka nilipoolewa, na kigoda cha kupangia nilikikalia mwaka uliofuata, baba ameketi kando yangu akinihesabia l.

Baba alipofariki, mimi na Mwanne ndio tuliofungua duka kugawa vitu. Ule msumari ulikuwepo, prufu zimebanana juu yake miaka na miaka, za chini zimekuwa rangi ya chai. Tulizitoa moja moja kwa sababu hatukutaka kuzichana. Karibu na mwisho ilitoka ile ya Mzee Shija. Chini imeandikwa Mahari, Lusu. Ile r ilikuwa imezungushiwa penseli. Pembeni palikuwa na dole langu la miaka kumi na moja, dogo kama kokwa ya fenesi, na kando yake, limegusana nalo bila kulifunika, lilikuwepo dole gumba jingine. Lilikuwa kubwa, lina kovu la mashine katikati. Hakuna mtu mwingine mjini aliyekuwa na kovu lile.

Mwanne alitazama, akanipa, akatoka nje.

Alijua, basi. Alijua pale Mzee Shija alipouliza la nani. Alijua barazani kwa Mzee Sudi, alipokuwa akinywa kahawa ya kusamehewa, na aliponituma nyumba kwa nyumba nikarudishe kwa mdomo nilichokiharibu kwa mdomo. Miaka yote ile nilikuwa nalitunza kosa langu peke yangu, nikidhani ni langu, kumbe alikwishalitia sahihi.

Ile prufu ninayo, ipo kwenye sanduku langu, ndani ya khanga. Juzi Rehema aliniletea kadi ya harusi ya mtu, ameichora vizuri kwenye kompyuta, akaniomba niisome kabla haijatoka. Nikamwambia aliyechora asifuatishe yeye, amwite mwenzake. Nilisoma taratibu, macho yangu sasa ni ya kubembeleza. L ya Lusu, r ya redio. Nilipomaliza nikamwambia alete wino.

"Bibi, siku hizi hatufanyi hivyo."

Nikamwambia alete tu. Nikapiga dole langu pembeni, halafu nikamshika mkono, nikalichovya la kwake.